Nani Alimtawala Nani: Matabaka na Utawala wa Wamaya wa Kale

Vitabu vingi vya shule vinavyowataja Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, huweka mchoro wa pembetatu. Kileleni yuko mfalme, chini yake makuhani na makabaila, kisha wapiganaji, wafanyabiashara na mafundi, halafu wakulima, na chini kabisa watumwa. Mchoro huo ni rahisi kukariri, wala si uongo mtupu, kwa kuwa Wamaya walikuwa na wakubwa na wadogo kweli. Lakini unaficha mambo mawili ambayo bila kuyajua huwezi kuelewa utawala wao. La kwanza, hapajawahi kuwa na serikali moja ya Wamaya. La pili, mchoro wenyewe umeunganishwa kwa vipande vya nyakati zilizopishana kwa karibu miaka elfu moja.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalozaa mkanganyiko mwingi.

Majina mengi tunayoyatumia kueleza matabaka ya Wamaya yametoka rasi ya Yucatán, Meksiko, ya karne ya 16: halach uinic kwa mtawala wa jimbo, batab kwa mkuu wa mji, almehen kwa mtu wa ukoo bora. Mwandishi anayetegemewa zaidi kwa habari hizo ni Diego de Landa, padri Mfransisko kutoka Hispania, aliyeandika maelezo yake karibu mwaka 1566. Ndiye huyohuyo aliyeamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto katika mji wa Maní mwaka 1562, na hasara ile haina fidia: leo tunalazimika kuwasikia Wamaya wa Yucatán kupitia kinywa cha mtu aliyeteketeza maandishi yao. Hata hivyo Landa alieleza jamii ya wakati wake. Tikal, Palenque, Copán na Yaxchilán, ile miji ambayo piramidi zake tunaziona kwenye picha, zilistawi kati ya mwaka 250 na 900, katika nchi ambayo sasa ni Guatemala, Belize, kusini mwa Meksiko na magharibi mwa Honduras. Landa alipofika Yucatán, msitu ulikuwa umeimeza miji hiyo kwa zaidi ya miaka 600.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "Wamaya walitawaliwa na halach uinic", uliza: Wamaya wa wapi, na wa lini?

Wafalme wa ile enzi ya kwanza wamejieleza wenyewe, ila tulichelewa kuwasoma. Kwa miaka mingi wataalamu wakubwa, Mwingereza Eric Thompson akiwa mstari wa mbele, waliamini kwamba nguzo za mawe zilizochongwa katika viwanja vya miji hiyo zinazungumzia nyota na kalenda tu, na kwamba watawala walikuwa makuhani wapole waliotumia usiku kucha kuhesabu siku. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, akiwa Urusi, alionyesha kwamba mwandiko wa Kimaya una alama za silabi na kwamba unaweza kusomwa. Mwaka 1958 Heinrich Berlin akatambua alama maalumu iliyoambatana na kila mji mkubwa. Kisha mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff alizipanga nguzo za mji wa Piedras Negras kwa tarehe, akaona kwamba tarehe hizo zimekaa katika mafungu yasiyozidi umri wa binadamu mmoja. Mtu anazaliwa, anatawazwa, anakufa, na fungu jipya linaanza. Mawe yale yalikuwa yakisimulia habari za wafalme, vita vyao na ndoa zao.

Bwana mtakatifu na watu wake

Cheo cha msingi katika maandishi hayo ni ajaw, yaani bwana. Hakikuwa cha mtu mmoja. Jamaa wengi wa nyumba ya kifalme walikibeba. Mtawala mwenyewe alijitofautisha kwa kuongeza neno lenye maana ya utakatifu, akawa k'uhul ajaw, bwana mtakatifu wa ufalme fulani. Wa Tikal alikuwa bwana mtakatifu wa Mutul, wa Palenque alikuwa wa Baakal, na wale wa Calakmul walijiita mabwana wa Kaanul, ufalme wa nyoka. Falme za namna hii zilikuwa makumi kwa wakati mmoja, na kila moja ilikuwa na ukoo wake, miungu yake ya nyumbani na hesabu yake ya wafalme tangu mwanzilishi. Huko Copán, jiwe liitwalo Altari Q, la mwaka 776, linaonyesha wafalme 16 wameketi kulizunguka, na mwanzilishi K'inich Yax K'uk' Mo' anamkabidhi wa kumi na sita alama ya utawala.

Utakatifu huo ulikuwa na kazi zake. Mfalme alifukiza ubani, alicheza ngoma akiwa amevaa sura ya mungu, aliongoza vita, na kila kilipotimia kipindi cha miaka ishirini ya hesabu yao alisimamisha nguzo na kutoa sadaka ili wakati wenyewe uendelee salama. Sadaka kubwa kuliko zote ilikuwa damu yake mwenyewe. Katika nyumba moja ya Yaxchilán kuna jiwe la juu ya mlango linaloonyesha tukio la mwaka 709: Bibi K'abal Xook, mke wa mfalme Itzamnaaj Bahlam, amepiga magoti na kupitisha kamba yenye miiba ulimini mwake, huku mumewe akimshikia mwenge. Wanaoutazama mchongo huo kama ushahidi wa ukatili wanakosea. Jiwe hilo linatuambia kwamba mtu wa tabaka la juu alidai heshima yake kwa maumivu aliyoyabeba mbele ya wengine, na kwamba wanawake walikuwa ndani kabisa ya kazi ya kutawala.

Hapa pembetatu ya shuleni huwa kimya, nami naona ni kosa kubwa. Urithi kwa kawaida ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana, lakini damu ya mama ilihesabiwa. Palenque ilitawaliwa na mwanamke, Yohl Ik'nal, tangu mwaka 583 hadi 604. K'inich Janaab Pakal, mfalme mashuhuri wa mji huohuo, alitawazwa mwaka 615 akiwa na umri wa miaka 12 tu, na mchongo wa kutawazwa kwake unamwonyesha mama yake, Sak K'uk', akimkabidhi kilemba cha enzi. Baba yake hakuwa mfalme. Pakal alitawala hadi mwaka 683, na kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1952 na Alberto Ruz Lhuillier chini ya Hekalu la Maandishi.

Mwanamke wa Naranjo ndiye anayenivutia zaidi. Mwaka 682 binti wa mfalme wa Dos Pilas, ambaye wataalamu humwita Bibi Anga Sita, aliwasili Naranjo, mji ambao ukoo wake wa kifalme ulikuwa umevunjwa na vita. Mwaka 693 mwanawe akawekwa kwenye kiti akiwa na miaka mitano. Nani alitawala? Nguzo za mji zinamwonyesha mama akikanyaga mateka waliofungwa, mkao uleule waliopenda wafalme wanaume.

Chini ya ukoo wa kifalme walikuwepo makabaila wenye vyeo vyao. Sajal alikuwa bwana mdogo aliyeshika mji wa pembeni kwa niaba ya mfalme, hasa katika nchi za mto Usumacinta, na wengine walitawazwa kwa sherehe zao wenyewe huku mfalme akisimamia. Aj k'uhuun alikuwa mtu wa barazani, karibu na ibada na hazina. Wachoraji na waandishi pia walitoka katika koo za juu, na wengine waliweka sahihi kwenye kazi zao. Ukuta wa Bonampak, uliopakwa rangi mwishoni mwa karne ya 8, unaonyesha mabwana wenye majoho meupe wamekusanyika mbele ya mfalme, na karibu na kiti chake pamewekwa mfuko wenye maandishi yanayosema una punje 40,000 za kakao. Kakao ilikuwa kinywaji cha wakubwa na vilevile kitu cha kulipia.

Mfalme juu ya mfalme

Je, falme hizo zilikuwa sawa? La. Mtawala mmoja aliweza kuitwa bwana "wa" mtawala mwingine, si kwa maana ya mkuu wake, bali mtu wake, aliye chini ya ulinzi na amri ya huyo mwingine. Juu ya wote palikuwa na cheo cha kaloomte', kilichodaiwa na wachache. Miaka ya 1990, Simon Martin na Nikolai Grube walikusanya maandishi ya namna hiyo kutoka mji hadi mji, ikaonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya nyanda za chini ilivutwa na pande mbili: Tikal na Calakmul.

Lakini mkubwa hakumeza mdogo. Mfalme aliyeshindwa mara nyingi aliachwa kwenye kiti chake, au mtu wa ukoo wake aliwekwa badala yake. Alitakiwa kuhudhuria sherehe, kutoa kodi, kupeleka wapiganaji na kuoa alikoambiwa. Yuknoom Ch'een wa Calakmul, aliyetawala tangu 636 hadi 686, aliwatawaza au kuwasimamia wafalme wa miji ya mbali, na hatuoni dalili kwamba alituma maafisa wake kuiendesha miji hiyo siku kwa siku.

Kwa nini hawakujenga dola moja? Sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni mgongo wa mchukuzi. Wamaya hawakuwa na farasi, punda wala ng'ombe, na hawakutumia magurudumu kubebea mizigo. Kila gunia lilisafiri kwa mgongo wa mtu, au kwa mtumbwi palipokuwa na maji. Mahindi yakibebwa kwa siku nyingi huliwa na wabebaji wenyewe kabla ya kufika. Ndiyo maana kodi iliyotoka mbali ilikuwa vitu vyepesi vya thamani: vitambaa vya pamba, kakao, manyoya ya ndege quetzal, vipande vya jade. Mfalme angeweza kumnyenyekeza jirani yake, lakini hakuweza kula shamba la jirani yake.

Utii wa namna hiyo huvunjika upesi. Tikal ilipokea wageni wenye uhusiano na Teotihuacan, jiji kubwa la Meksiko ya kati, mwezi Januari 378, na mfalme wake akafa siku hiyohiyo. Ukoo uliofuata uliipandisha Tikal juu. Mwaka 562 ikapigwa na kunyamaza kwa zaidi ya karne. Mwaka 695 Jasaw Chan K'awiil wa Tikal akamshinda mfalme wa Calakmul, na mizani ikageuka tena. Kisa kilichowatikisa wengi kilitokea mwaka 738: mfalme wa Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini ya Copán, alimkamata mkuu wake Waxaklajuun Ubaah K'awiil na kumkata kichwa. Aliyeuawa ndiye aliyesimamia kutawazwa kwa aliyemuua.

Copán yenyewe haikuanguka. Ndani ya miaka michache palijengwa pale nyumba iliyochongwa alama za mkeka, na mkeka ndio uliokuwa ishara ya kuketi kitawala. Baadhi ya waakiolojia wanaisoma kuwa nyumba ya baraza, ambamo mfalme aliyedhoofika alikaa na wakuu wa koo. Wapo wasiokubali. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba baadaye makabaila wa Copán walikuwa wakichonga maandishi na viti vya mawe majumbani mwao, heshima ambayo zamani ilikuwa ya mfalme.

Walio wengi

Mpaka hapa nimewasemea wachache, kwa kuwa mawe yanawasemea wachache. Mkulima hakuchongewa nguzo. Lakini mwaka 2018 uchunguzi wa miale ya leza iliyopigwa kutoka angani juu ya msitu wa kaskazini mwa Guatemala ulionyesha zaidi ya majengo 60,000 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,100, pamoja na mashamba ya matuta, mifereji na barabara za kuinuliwa. Watafiti wake walikadiria kwamba nyanda za chini za kati ziliishi watu kati ya milioni 7 na 11 katika karne za 7 na 8. Karibu wote hao walikuwa watu wa kawaida.

Waliishi namna gani? Mahali pa kwanza pa kuangalia ni Joya de Cerén huko El Salvador, kijiji kilichofunikwa na majivu ya volkano karibu miaka 1,400 iliyopita, kikafukuliwa kwa bahati na tingatinga mwaka 1976. Watu walikimbia wakaacha kila kitu: maharage vyomboni, visu vya obsidiani (kioo cha volkano) vilivyochomekwa kwenye makuti ya paa mbali na mikono ya watoto, mashamba ya mahindi na muhogo yakiwa na mistari yake. Kila nyumba ilikuwa na majengo yake ya kulala, ya kuhifadhi na ya kupikia. Palikuwa na bafu la mvuke la wengi na jengo kubwa linaloonekana kuwa la mikutano. Familia moja ilitengeneza mawe ya kusagia, nyingine ilipaka rangi vibuyu, kisha wakabadilishana. Na vyombo vyao! Walikuwa na vyungu vya rangi nyingi vilivyotengenezwa kwingine, vitu ambavyo pembetatu ingetuambia ni vya makabaila. Hawa hawakuwa watu wa kungoja amri kutoka juu kwa kila jambo.

Ushahidi wa pili uko Calakmul, katikati ya ule mji wa nyoka. Katika kiwanja kiitwacho Chiik Nahb, mwaka 2004 zilipatikana kuta zilizochorwa watu wakigawa, wakinywa na kubeba, nao wamepewa majina ya shughuli zao: mtu wa uji wa mahindi, mtu wa chumvi, mtu wa tumbaku. Wengi huliona hilo kuwa soko. Ni mara chache sana maandishi ya Kimaya kumtaja mtu asiye bwana.

Mtu wa kawaida alidaiwa sehemu ya mavuno, vitambaa vilivyofumwa na wanawake, na nguvu za mikono yake katika ujenzi na vita. Haki yake ya ardhi ilikaa katika ukoo. Wafu walizikwa chini ya sakafu za nyumba, na kaburi la babu liliwathibitishia walio hai kwamba mahali pale ni pao. Watumwa pia walikuwepo. Landa anataja mateka wa vita na wezi, na wafanyabiashara wa Yucatán waliwapeleka watumwa na vitambaa hadi Tabasco na Honduras na kurudi na kakao. Mateka wa ukoo bora aliwekwa kwa ajili ya kafara. Yule wa kawaida ndiye aliyefanywa mtumwa. Kuzaliwa juu hakukuwa salama vitani.

Na je, kazi kubwa ziliwezekana tu kwa sababu palikuwa na mfalme wa kuamrisha? Aguada Fénix, eneo la magofu huko Tabasco, Meksiko, inakataa. Jukwaa lake la udongo, lililotangazwa na watafiti mwaka 2020, lina urefu wa mita 1,400 na lilijengwa kati ya mwaka 1000 na 800 KK, karne nyingi kabla ya wafalme wa kwanza wanaojulikana. Hapajaonekana pale sanamu za watawala wala kasri. Inaelekea watu walijenga kwa kukubaliana.

Baada ya wafalme watakatifu

Karne ya 9 ilikuja na ukame wa kurudiarudia, vita visivyokoma na njia za biashara zilizohama. Mji mmoja baada ya mwingine uliacha kuchonga. Nguzo ya mwisho yenye tarehe kamili ya hesabu ndefu, yaani kalenda yao ya kuhesabu siku tangu mwanzo wa enzi, iko Toniná, mwaka 909. Mfalme aliyejinadi kuwa ndiye anayeshikilia mvua na wakati alikuwa na kazi ngumu mvua ilipokatika, na watu wake waliondoka, wengi wakielekea maeneo yenye maji na biashara. Cheo cha bwana mtakatifu kikafa. Wamaya hawakufa.

Huko kaskazini walijaribu mambo mengine. Mayapán, mji uliozungushiwa ukuta wa kilomita 9, ulikusanya wakuu wa majimbo waishi mahali pamoja chini ya ukoo wa Cocom, kila mmoja akiwa na msimamizi wa kumletea mahitaji kutoka kwao. Katikati ya karne ya 15 ukoo wa Xiu uliongoza uasi, Cocom wakauawa isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa safarini kibiashara, na nchi ikagawanyika. Wahispania walikuta takriban majimbo 16, tena hayakufanana. Maní na Sotuta yalikuwa na halach uinic juu ya mabatab wote. Ah Canul na Cupul hayakuwa na mkuu mmoja. Mabatab wa ukoo mmoja walishauriana. Chakan lilikuwa mkusanyiko wa miji isiyofungamana sana. Ndani ya kila mji batab alihukumu na kuongoza vita, lakini alikaa na wakuu wa mitaa, ambao ridhaa yao ilihitajika. Kiongozi wa kivita, nacom, alichaguliwa kwa miaka mitatu. Na maandishi ya Chilam Balam, vitabu vya Wamaya wa Yucatán vya enzi ya ukoloni, yanaeleza jinsi wakuu walivyopimwa kwa mafumbo ya lugha ya Zuyua: uliambiwa ulete jua kwenye sahani, na aliyerithi elimu ya wazee alijua kwamba linalotakiwa ni yai la kukaanga. Asiyejua alifichuliwa kuwa mdanganyifu na kuondolewa.

Wahispania walimwondoa halach uinic upesi. Batab walimhitaji, kwa kuwa bila yeye kodi haikusanyiki, na hivyo cheo hicho kikaendelea chini ya ukoloni, mabatab wakiandika mashtaka na wasia kwa Kimaya kwa herufi za Kilatini. Kilidumu hadi karne ya 19. Mwezi Julai 1847 Manuel Antonio Ay, batab wa Chichimilá, alipigwa risasi huko Valladolid kwa kupanga uasi, na ndani ya siku chache Jacinto Pat, batab wa Tihosuco, pamoja na Cecilio Chi wakaanzisha vita vilivyowafikisha wapiganaji wa Kimaya karibu na Mérida, mji mkuu wa Yucatán, mwaka uliofuata.